Tarishi Aliyekimbia Jua

Katika jengo la halmashauri ya jiji wote walimwita Mzee Faili. Hata mkewe alipopiga simu ofisini, aliulizia jina hilohilo. Alikuwa tarishi. Kwa miaka ishirini na saba alipandisha na kuteremsha majalada ghorofa tatu, na viatu alivyovimaliza havina idadi.

Jengo lenyewe lilikuwa limechoka. Mchana, ofisi za magharibi ziligeuka tanuri, feni zikizungusha joto lilelile, na makarani walikuwa wamebandika maboksi madirishani. Basi jiji likaamua kujenga jipya, lisilokula umeme ovyo wala kupoteza maji. Akaletwa msanifu majengo, binti mmoja mpole mwenye penseli sikioni.

Siku ya kuonyesha michoro, Mzee Faili alitumwa kupeleka viti. Mezani palikuwa na mfano wa jengo, umetengenezwa kwa karatasi ngumu, upande mmoja wote kioo. Akasimama akiutazama, akasahau kutoka.

"Unauonaje, baba?" msanifu akamuuliza.

"Mzuri, mwanangu. Ila hiki kioo kinatazama wapi?"

"Barabara kuu."

"Magharibi, basi. Hapo saa tisa mtaanika watu."

Mkurugenzi akakohoa. "Mzee, kioo ndicho kinacholipa jengo hadhi."

"Sawa, mkuu. Lakini ofisi yako iko upande huohuo, na jana nilipokuletea jalada nilikukuta umetia miguu kwenye beseni la maji."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mkurugenzi alijizuia, akashindwa.

Msanifu alikuwa anaandika. Kesho yake akamfuata tarishi kutwa nzima, ngazi kwa ngazi. Akagundua kuwa mzee ana njia zake: asubuhi hukatiza kwa mbele, alasiri kwa nyuma, akikimbia jua. Mzee akamwonyesha dirisha la ngazini lisiloishiwa upepo, na kona wanakojibanza kina mama wenye vichanga wakisubiri vyeti vya kuzaliwa. Jioni binti alikuwa anachechemea, mzee anapiga mluzi.

Michoro ikaanza upya. Jengo likageuzwa ubavu, madirisha yakatazama kaskazini na kusini, katikati pakaachwa ua wenye baraza pande zote, na maji ya mvua yakapangiwa tangi chini ya ua, ya kusafishia vyoo.

Nyumbani mkewe hakuamini. "Wewe? Wewe uliyejenga banda la kuku ukasahau mlango?"

"Lile nilijenga peke yangu," akajibu.

Alistaafu miezi mitano kabla jengo halijafunguliwa. Alipokwenda, alikwenda kama mwananchi yeyote, kuulizia hati ya kiwanja chake. Ilikuwa saa nane, jua limewaka. Akachukua namba, akaketi barazani, upepo ukampitia shingoni, akasinzia. Namba yake ikaitwa mara tatu. Mwishowe karani akatoka kumgusa bega.

"Mzee, ni zamu yako."

"Mhudumie huyo wa nyuma kwanza, mama," akasema bila kufumbua macho. "Mimi sina haraka."