Nondo wa Pasipoti

Mtaa mzima ulimwita Kidevu Juu, na jina hilo hakulipata kwa majivuno. Alikuwa mpiga picha za pasipoti na vitambulisho, na hakuna aliyewahi kukalia kigoda chake bila kuambiwa: kidevu juu kidogo, masikio yaonekane, usicheke. Hata siku ya harusi yake alitega kamera mwenyewe, akakimbia kusimama kando ya bibi harusi, na matokeo yake yapo ukutani sebuleni hadi leo: watu wawili wanaosubiri kusomewa hukumu. Watoto nao walikulia kwenye kigoda hichohicho, midomo imefungwa.

Kitindamimba wake, binti, alipenda wadudu tangu anatambaa, na sasa alikuwa akiwachunguza kwa mshahara katika mji wa mbali. Binti akipiga simu, Kidevu Juu huuliza habari za kazi, hujibiwa nzuri, kisha huja maneno yake ya siku zote: "Haya, nikupe mama yako." Simu ikishatoka mkononi, hujifanya anafuta lenzi, kumbe ametega sikio mpaka mwisho. Mkewe alimwambia wazi kwamba mtu anayemwamrisha waziri anyanyue kidevu hawezi kushindwa kuongea na mtoto wake wa kumzaa. Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa la kweli. Alitamani sana kuzungumza na mwanawe, ila hakujua aanzie wapi.

Basi daktari akamwamuru atembee, kwa kuwa kukaa kutwa nzima studio kulikuwa kumemwotesha kitambi. Akawa anakwenda asubuhi kwenye kijimsitu nyuma ya matangi ya maji, kamera shingoni, kwani bila kamera hajui mikono aiweke wapi. Asubuhi moja, juu ya gogo lililoanguka, akamwona nondo. Si wale wa kwenye taa. Huyu alikuwa mpana kama kiganja, rangi ya majani makavu, na kwenye mabawa ana mabaka mawili ya buluu yaliyozungushiwa wekundu. Kidevu Juu alizaliwa hapohapo, na mdudu wa namna ile hakuwahi kumtia machoni. Moyo ukamwenda mbio. Hatimaye alikuwa na la kumwambia binti yake.

Lakini mazoea yana taabu. Alilala kifudifudi na kitambi chake, akatambaa mpaka wakatazamana uso kwa uso. Kisha akatoa mfukoni karatasi nyeupe iliyokunjwa, ile anayoiweka nyuma ya wateja anaowapigia picha majumbani kwao, akaisimamisha taratibu nyuma ya kichwa cha nondo. Nondo akatulia tuli kama maji ya mtungini. Kidevu Juu akakiri moyoni kwamba katika maisha yake yote ya kazi hajapata mteja mwenye adabu kiasi kile. Akapiga picha kadhaa, akaridhika, akaondoa karatasi. Nondo akaruka na kupotelea mitini.

Aliporudi studio akamtumia binti moja ya picha hizo, na haikuwa imekaa sana kwenye simu yake kabla hajapiga. Na safari hii alimtaka baba.

"Baba, mabawa yako wapi?"

"Yapo nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma ya karatasi."

Binti akamweleza polepole kwamba nondo hutambuliwa kwa mabawa, na bila mabawa hakuna wa kusema huyu ni nani. Kidevu Juu akajitetea kwamba sura imetoka yote, na masikio pia. Akaambiwa yale si masikio, ni vipapasio. Aibu ikamshika, akaanza kumtafuta mkewe kwa macho ili amkabidhi simu, ndipo akasikia kicheko, kicheko cha mtu aliyeshindwa kusimama.

"Baba, sema kweli. Ulimwambia anyanyue kidevu?"

"Nilimwambia," akajibu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alipotulia, binti akamtaka amweleze yale mabawa. Kidevu Juu akaeleza buluu ile, wekundu ule, namna yalivyokunjika, naye akaulizwa tena na tena. Mkewe alikuja kunyoosha mkono kupokea simu kama kawaida, akapungiwa aende zake. Chakula kikapoa mezani.

Jumamosi binti akaja, wakaenda wote msituni. Walipekua kila gogo na kila gome, na nondo hakuonekana. Jua lilipopanda, binti aliketi kwenye lile gogo la mteja, jani kavu limemnasa nyweleni, na baba akainua kamera. Mara moja, bila kufikiri, mtoto akanyoosha mgongo, akanyanyua kidevu, akafunga mdomo.

Kidevu Juu akaishusha kamera. Aliutazama uso ule alioufundisha mwenyewe.

"Cheka, mwanangu," akasema. "Hii si ya pasipoti."

Picha ilitoka imetikisika, kwa sababu na yeye alikuwa anacheka.