Gitaa Nililomwachia Atieno

Sisi tuliokulia Rangwe miaka ya tisini, gitaa letu la kwanza tulilitengeneza wenyewe: debe la mafuta ya kupikia, ubao, na nyaya za breki za baiskeli. Tukitoka shule tulikula nyoyo, yale mahindi na maharagwe yaliyolala, tukaruka blada, ule utepe wa mpira wa baiskeli, mpaka vumbi likatufika magotini. Kisha mimi na Atieno, binti wa mama mdogo, tukalipiga lile debe hadi nyanya atufukuze uani. "Kwa kelele hizo mtaolewa na nani?" alikuwa akisema, huku mguu wake ukifuata mdundo.

Basi mjomba wetu, aliyekuwa akipiga benga kwenye kumbi za Migori, akaokoka. Aliacha muziki wa dansi, akatuletea magitaa yake mawili ya umeme tuyapige kanisani. Yote yalikuwa mekundu, ya umbo moja. Moja lilitengenezwa kabla hatujazaliwa. Mkono wa mjomba ulikuwa umekula rangi yake mpaka mbao zikaonekana. La pili lilikuwa jipya. Mjomba alitueleza kwamba kiwanda kilekile kilikuwa kimeliunda kwa kuiga la zamani, kwa sababu wapigaji hawakuacha kuliulizia. Nilimzidi Atieno miezi saba, kwa hiyo nikachagua kwanza. Nikachukua jipya. Liling'aa hata nikajiona meno. Atieno akachukua lililobaki, akashukuru.

Jumapili ya kwanza, amplifaya ikiwa imeunganishwa kwa betri ya gari, nilipiga vizuri, watu wakapiga makofi. Halafu Atieno akapiga. Akina mama waliokuwa wameketi wakasimama. Mwezi haukuisha, akaalikwa Homa Bay mjini kwenye mkutano wa makanisa, nami nikabaki nyumbani kuchambua omena, wale dagaa wa ziwani. Wivu ulinikaba. Hata alivyokuwa akipuliza uji nilichukia.

Kosa nililiona: nilimwachia gitaa lenye sauti. Aliporudi nikamwambia, "Mjomba amesema tubadilishane."

Mjomba hakuwa amesema lolote.

Atieno alilipangusa lile la zamani kwa leso yake, akanipa. "Uzi wa tatu uukaze polepole," akasema. "Hukatika."

Jumapili iliyofuata nililipiga, nikingoja akina mama wasimame. Walikaa. Kisha Atieno akalishika lile jipya, na kabla hajamaliza ubeti wa kwanza hakuna aliyebaki kwenye benchi. Nilitoka nje nikasingizia tumbo.

Siku hizi vijana wanaagiza magitaa kwa simu, mapya kabisa, yaliyokwaruzwa kiwandani ili yaonekane yamepigwa miaka arobaini. Wanajifunza kwa video, mlango umefungwa, masikio yamezibwa. Nawacheka, halafu nawaonea wivu wao pia, maana hakuna anayepiga baada yao kanisa likasimama. Lakini pia hawana wa kula naye sahani moja, wala wa kugombania naye amplifaya, na hilo nawahurumia.

Atieno anaishi Muhuru Bay na bado anaalikwa kupiga kila mahali. Akinipigia simu hukumbushana nami ya utotoni, na kila mara humsifu mjomba, ambaye sasa ni marehemu, kwa kutubadilishia magitaa.

"Alijua lile jipya ndilo langu," husema.

Nami humwitikia kwamba ndiyo, alijua.