Mchumba wa Upande wa Pili

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mifupa. Binti yangu naye alikwenda huko kusoma. Akarudi kwetu Igoma na Mtaliano mrefu, kumwomba baba yake ridhaa waoane.

Mume wangu akauliza wanafanya kazi gani. Binti akaeleza kwamba chini ya ardhi kuna handaki la mviringo, wanagonganisha vitu vidogo kuliko vumbi ili waone vinavyopasuka. Warusi, Wajapani, mataifa chungu nzima, wote shimo moja. Nikasema hapa nyumbani vitu vinapasuka bure, shimo la nini?

Tulipokaa kula, mzee akawauliza mwaka huu wameona nini. Binti akamtafsiria mchumba, kisha wote wawili wakainamia ugali. Nikadhani wamegombana. Kumbe, binti akatueleza, humo handakini kuna makundi, kila moja na mtambo wake, yote yanatafuta kitu kilekile. Binti yuko kundi hili, mchumba lile. Hawaambiani kitu mpaka siku ya kutangaza hadharani.

Mume wangu akarudisha tonge sahanini. Jambo hilo alilijua. Sisi Wasukuma, baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma hushindana uwanja mmoja, na kila chama kina dawa yake ya kuvuta watazamaji. Dawa haisemwi, hata kitandani. Akasema binti yake hamwozi kwa wapinzani, huyu kaja kuiba dawa. Mtaliano, asiyeelewa neno, akatabasamu na kuchota mchicha.

Binti akaanza kulia. Mimi machozi kwenye chakula siyataki.

"Mzee," nikasema, "siku uliyoniona kwenye ngoma za Bujora nilikuwa nachezea chama gani?"

"Kile cha washenzi."

"Na umeniibia dawa gani tangu unioe?"

"Hukuniambia hata moja."

"Basi. Na huyu hataambiwa."

Akatafuna muda mrefu kama ng'ombe. Kisha akamwambia binti, "Muulize kwao wana ng'ombe."

Mtaliano akajibu babu yake anao, wa maziwa. Mzee akasema wanafaa, wazee wake waje tuzungumze.

Nikabeba sahani yangu nikahamia jikoni, maana sasa amekuwa mkwe, na kwetu mama hali chakula pamoja na mkwe. Nyuma yangu Mtaliano akasema kitu kwa lugha yao, binti akanitafsiria: anauliza amenikosea nini.