Ndoo Mbili za Msibani

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na asubuhi ile zilikuwa zimenifika kooni. Mgeni alikuwa ameshakaa ndani ya gari, mkanda umefungwa, nami nimesimama nje ya ofisi yetu ya vyumba viwili mjini Shinyanga, simu sikioni.

Upande wa pili alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wachenjuaji wa dhahabu kule Nyarugusu, mtu ninayempa shikamoo.

"Leo hakuna kazi, mwanangu," alisema. "Jirani yetu kafiwa na mumewe. Nzengo yote iko msibani."

Nzengo ni majirani wa eneo moja, na kwa Wasukuma kukiwa na msiba hakuna anayebaki shambani wala mgodini. Nilijua hayo tangu utotoni. Bado nikasema, "Mama, nipe akina mama kumi tu, kwa saa mbili. Wamwoneshe mgeni kile kifaa, kisha warudi."

"Hilo neno sitalipeleka kwa wenzangu. Na wewe usilirudie." Akakata simu.

Niseme kilichonisukuma. Shirika la nje lilikuwa limefanya kazi nasi kwa mwaka mmoja. Akina mama wale walikuwa wakichoma zebaki ili dhahabu ibaki, kwenye jiko lile lile la kupikia ugali, watoto wakiwa pembeni, na sisi tuliwapelekea kifaa cha chuma kinachozuia ule moshi wa sumu. Mgeni alikuwa ametumwa na makao makuu kuamua kama waendelee kupitia kwetu, au walete watu wao kutoka Dar es Salaam. Sisi tulikuwa watu watatu tu, na kazi ile niliipenda kupita kiasi.

Tulipoipita Kahama nikamwambia ukweli. Alikuwa mama wa makamo, Kiswahili chake cha kubabaisha lakini hakikukwama.

"Kwa nini hukusema kabla ya kuondoka?"

"Niliogopa utaahirisha kila kitu."

"Na mwaka mzima huu, mangapi hukutuambia?"

Hapo hasira zikanipanda, nikamwaga yote. Mafunzo mliyoyapanga msimu wa kupanda. Fomu zenye maswali ambayo mwanamke hamjibu mtu asiyemjua. Mikutano siku ya mnada. Kila ratiba mliyoleta niliijibu ndiyo, nikijua fika kuwa haiwezekani, kisha nikawabembeleza akina mama waje hivyo hivyo. Nilipomaliza nikajua nimejichongea. Yeye akafunga daftari lake, akauliza, "Tukifika msibani, tunafanya nini?"

Tulifika mchana. Mwenyekiti alitupokea, akampa mgeni mkono, mimi akanitazama tu.

"Mmechelewa," alisema. "Kuna faini."

Faini ya mwanamke aliyechelewa pale ni ndoo mbili za maji. Nilifungua kinywa kumtetea mgeni, lakini alikuwa ameshaazima kanga na anaikaza kiunoni. Ndoo ya kwanza ilimmwagikia nusu kabla hajafika jikoni. Akina mama waliinamia masufuria yao kuficha kicheko, maana msibani hakuchekwi ovyo. Mwenyekiti alichungulia ndani ya ndoo, akasema nusu haihesabiwi. Mgeni akarudi bombani. Nami nikamfuata na ndoo zangu, viatu vya ofisini vimeloa chapachapa.

Baadaye tulikaa mkekani kuchambua mchele. Ndipo mmoja akaanza mwenyewe kusema habari za kile kifaa. Ni kizito, hakibebeki toka mwalo mmoja wa kuoshea dhahabu hadi mwingine, na kinachelewesha wakati mnunuzi kasimama anangoja. Mwingine akakiri, bila aibu, kwamba hukitoa siku tunapokuja sisi tu. Mwaka mzima sikuwahi kusikia hayo. Niliona aibu, na hapo hapo nikashukuru sana kwamba mwenyekiti alinikatalia asubuhi.

Njiani kurudi mgeni aliniambia, "Nikikuletea ratiba, anza na hapana. Kisha tuzungumze."

Shirika lilibaki nasi. Mkataba mpya tuliuandika mezani pamoja, na jambo la kwanza alilotaka mwenyekiti liingie ni kwamba siku ya msiba hakuna mafunzo wala mgeni. Kifaa tukampa fundi wa kuchomelea vyuma wa pale pale Nyarugusu, akatengeneza chepesi, na sasa nakikuta kinatumika hata nikitokea bila taarifa. Nawashukuru wote wawili, mwenyekiti aliyenikatalia na mgeni aliyenisikiliza.

Mwaka jana mama yangu mzazi alifariki. Akina mama wa Nyarugusu walikodi lori la Fuso, wakaja Shinyanga na kuni, unga na masufuria yao, nami sikuwa nimewaita. Mgeni alikuwa amesharudi kwao, nchi ya mbali. Siku ya tatu ujumbe wake ukaingia kwenye simu: "Pole sana, dada yangu. Nimechelewa. Najua ni ndoo mbili."

Nililia kama mtoto. Nilipotulia nikamsomea mwenyekiti. Alikaza kanga kiunoni, akachukua ndoo mbili tupu, akaenda bombani kumlipia.