Jeneza Lisilo na Chaki

Umma unatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba katika karakana moja ya Miembeni, mjini Bukoba, yumo Mheshimiwa Eufrazia, Mgawaji Mkuu wa Dizeli, Mlezi wa Kodi ya Banda na Mtetezi wa Visu vya Mashine Vilivyo Butu. Wananchi wanaombwa kusimama. Mheshimiwa mwenyewe alikuwa amechuchumaa, anang'oa msumari uliopinda.

Eufrazia alizaliwa Kaagya na useremala alifundishwa na baba yake, mzee hodari wa kutengeneza vitu na hodari zaidi wa kuviuza kwa hasara. Mzee alikuwa akihesabu mbao, misumari na ujira wa fundi, basi, bei imepatikana. Kodi, dizeli na mlinzi aliamini vinalipwa na Mungu. Mungu hakulipa, banda likafungwa.

Binti akaapa hayatamkuta. Kwake kila kazi hubeba fungu lake la gharama za banda. Ubao ukipita kwenye mashine ya kuranda, huchora mstari wa chaki kwenye kazi yenyewe: ubavuni mwa kitanda, nyuma ya mlango, ndani ya mtumbwi. Mwisho wa mwezi huchukua dizeli, kodi, mlinzi na kunoa visu, anagawanya kwa mistari yote, na kila mteja analipia mistari yake. Wenye digrii wana jina refu la jambo hili, na semesta nzima ya kulisinzilia.

Kitu kimoja tu hakikuchorwa: majeneza ya chama cha kufa na kuzikana cha Nyanga, anakoishi. Familia huleta mbao na misumari, fundi mwanachama hutoa mikono yake, na hakuna anayeuliza injini inakunywa nini. Ukimtoza marehemu dizeli, siku yako watu watakuja kula ndizi na kuondoka kabla ya kaburi kufukiwa. Lakini jeneza lisilo na mstari halifuti gharama. Linaisukuma kwenye mistari ya wengine. Na mwezi ule Nyanga ilikuwa imefiwa kupita kiasi.

Ndaki, Msukuma mwenye kambi ya uvuvi kisiwani Bumbire, upande wa Muleba, alifika Ijumaa ya mwisho wa mwezi kuchukua mtumbwi wake. Alikuja pia na oda ya mitumbwi mitatu ya wenzake. Mitumbwi ndiyo inayolisha karakana ile. Vitanda ni mboga tu. Ndaki akiondoka amenuna, kambi zote zitajua kabla jua halijazama, na Eufrazia atafunga banda kama baba yake.

Ndaki akainama ndani ya mtumbwi, akapitisha kidole kwenye mistari. Idadi hakuwa na ugomvi nayo.

"Mama, safari iliyopita mstari mmoja ulikuwa nusu ya bei hii. Dizeli haijapanda hivyo."

"Banda lina gharama zake, baba."

"Sikatai. Nauliza nani mwingine anakula humu."

Macho yake yakatua kwenye jeneza la mzee Mugisha wa Nyanga, lililokuwa juu ya vigoda viwili likisubiri kuchukuliwa. Akapapasa kifuniko. Akazunguka. Akachungulia hadi chini.

"Hili halina chaki. Lililambwa kwa ulimi mpaka likawa laini?"

Abel, fundi msaidizi, akakumbuka ghafla kwamba ana kazi nyuma ya banda.

"Punguza sauti," Eufrazia akanong'ona. "Wafiwa wa Nyanga wako getini."

"Nitapunguza sauti. Na wewe punguza bei."

Eufrazia akaitazama chaki mkononi mwake. Akichora mbele ya wafiwa, Nyanga nzima itamjua kama mwanamke anayetoza maiti. Asipochora, mitumbwi mitatu inakwenda kuchongwa Mwanza.

"Yaani mwezi mzima nimewazika watu wa Nyanga," Ndaki akasema, na sauti haikupungua hata kidogo, "na hata chai ya msibani sijanywa."

Edvina, mkwe wa marehemu, akaingia. Nyuma yake wakafuata wanawake wa chama.

"Ma Eufrazia, huyu anasema nini?"

Eufrazia alitaka kudanganya. Akafungua mdomo, ikatoka hesabu.

"Mbao za mzee zimepita kwenye mashine mara kumi na nne. Dizeli yake sikuwaandikia. Imemwangukia huyu."

Edvina akalitazama jeneza. Akamtazama Ndaki, kuanzia ndala hadi kofia. Eufrazia akasubiri kufukuzwa kwenye chama.

"Kwa hiyo," Edvina akasema polepole, "baba mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa usharika, mwenye watoto wawili Ulaya, anakwenda kaburini kwa hisani ya mvuvi wa dagaa?"

"Wa sangara," Ndaki akarekebisha.

"Chora, Ma Eufrazia. Tena ongeza."

Miaka yote Eufrazia alikuwa ameogopa uchungu wa Nyanga, akasahau kwamba Nyanga ina majivuno pia.

"Siongezi," akasema. Akapiga magoti, akachora mistari kumi na minne upande wa miguu.

Ndaki akaona aibu. "Dada, miwili iwe yangu. Rambirambi."

"Rambirambi ina kapu lake msibani. Usituletee kwenye injini." Edvina akageukia wenzake. "Na waliotangulia mwezi huu, chama kitalipa. Kikaoni nitasema mimi. Hakuna mtu wa Nyanga atakayelala kaburini anadaiwa na watu wa visiwani."

Hesabu ikagawanywa upya, bei ya mstari ikashuka. Ndaki akalipa, akaweka na malipo ya awali ya mitumbwi mitatu. Kisha akavua kofia, akasafisha koo.

"Mama, nimezunguka visiwa vyote hivi, Goziba mpaka Ikuza. Mtu wa haki kama wewe sijamwona. Wewe ni hakimu."

Eufrazia alikuwa anapima mlango kwa macho.

"Ni dizeli tu, baba. Sogeza mtumbwi wako, jeneza halipiti."