Kamera yangu imemwita fahali wangu ndama

Kosa la wengi wetu ni kuamini kamera ya kupima umbali bila kuijaribu kwanza. Leo limenipata mimi, mwalimu mstaafu wa fizikia.

Wakwe wa mwanangu walifika kwangu Kimilili kukagua fahali wa mahari. Kwa majivuno nikasema tukubali kimo kitakachotolewa na kamera zangu mbili, zinazopima pamoja kupitia kompyuta.

Kompyuta ikatoa kimo cha mbuzi!

"Mwalimu, hata mashine yako inasema huyu ni ndama, bana!" mkwe akacheka. Wakadai fahali mwingine, wakaenda zao.

Sina mwingine.

Nikachunguza. Kamera moja ilikuwa imepinda kidogo tu. Ikipinda, umbali unakosewa, na kimo pia.

Nikamuuliza Barasa, rafiki yangu aliyenibebea kamera hizo kutoka Kitale.

"Ilianguka pale stendi. Niliona."

"Na ukanyamaza?"

"Si unajua bibi harusi ni wa ukoo wangu? Fahali mkubwa zaidi ni faida yetu."

Jamani! Barasa, niliyemsimamia harusi! Mngemfanya nini?

Na wewe mwenye kamera kama hizi, zijaribu leo kwa kupima mlango ambao kimo chake unakijua.