Safari ya Barr na Goti la Mama

Msimu wa baridi unapoingia Muscat, watu wa mji huu hushikwa na hamu ya kulala nje. Viyoyozi huzimwa, madirisha hufunguliwa, na mwisho wa wiki njia kuu hujaa magari yaliyofungwa kuni na mahema juu, yanaelekea barr, yaani nyika na jangwa. Nami nimo katika hao. Nilianza ukubwani, bila mwalimu. Kusoma ramani nilijifunza kwa vitabu vya mitumba, na kupunguza upepo wa matairi nilijifunza kwa kukwama. Mpaka leo kupanga safari kunanipendeza karibu sawa na safari yenyewe.

Mwaka huo nilikuwa nimechagua Barr al-Hikman, rasi tambarare iliyozungukwa na bahari pande tatu. Ni nchi ya mchanga mweupe na chumvi, na ndege aina ya heroe hushuka huko kwa makundi wakati wa baridi. Hatari yake ni tope lililojificha chini ya ganda la chumvi. Juu unaona ardhi kavu, ukiingia gari linazama hadi milangoni. Asiyejua saa za maji kujaa na kupwa hana haja ya kwenda. Kwa hiyo nilitandaza ramani juu ya meza ya kulia, nyumbani kwetu Al Khoudh, nikawa kila jioni naipitia kwa penseli.

Jioni moja Mama, ambaye anaishi nasi, alikuja na kikombe chake cha chai akakiweka katikati ya bahari. Aliuliza tunakwenda wapi, nikamwonyesha. Aliuliza tutalala wapi, nikamwonyesha pia. Akanywa chai yake taratibu.

"Na mimi nnakwenda," alisema.

Nilianza kumweleza kuhusu upepo, baridi ya alfajiri na umbali. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mtu anayeuza bima.

"Mwanangu, kila mwaka mnakwenda, mnarudi na mchanga kwenye viatu, nafagia mimi. Hili jangwa nnalijua kwa kulifagia tu."

Ilikuwa kweli. Mama alizaliwa Unguja, akaja Oman akiwa mke kijana mwenye mtoto mkononi, na mtoto huyo ni mimi. Alifanya kazi ofisi ya serikali mpaka akastaafu. Maisha yake yote ya hapa yamepita baina ya milima na pwani ya Muscat. Salalah amekwenda, lakini kwa ndege, na jangwa lote la katikati alilipita amelala. Sasa goti lake la kulia limekwisha. Daktari alitaka kulipasua baridi ikimalizika, na baada ya hapo kutakuwa na mazoezi ya muda mrefu ambayo hakuna aliyeweza kutuahidi mwisho wake. Mama hakulisema hilo, ila sote tulielewa. Kama si msimu huu, huenda isiwe tena.

Mwenye goti hasa alikuwa mdogo wangu wa kike, anayekaa Al Ansab. Yeye ndiye anayempeleka Mama hospitali na kujua majina ya dawa zake zote, kwa hiyo katika mambo ya goti neno lake ndilo la mwisho. Alikuja siku iliyofuata. Alizungumza kuhusu choo, kuhusu hospitali ilivyo mbali, kuhusu mchanga unavyoteleza. Nilimwambia nimesafiri huko mara nyingi na kila nilipokwama nilijitoa.

"Kaka, wewe ukikwama unachimba. Mama akianguka utachimba nini?"

Mke wangu aliinama kuficha kicheko. Nami nikapendekeza ninalolifanya kwa kila kifaa kipya kabla ya kukipeleka mbali, yaani kukijaribu karibu na nyumbani. Tungekwenda Qurayyat, kwenye mchanga wa pwani, tukapiga kambi kamili mchana. Mama akiweza kutembea, kukaa, kulala na kuinuka mwenyewe bila kubebwa, atakwenda. Asipoweza, atabaki. Mama alikubali. Alisema hajafanya mtihani tangu alipoacha kazi, akauliza kama inaruhusiwa kuingia na chakula.

Tulikwenda Ijumaa baada ya swala. Mama alikuwa amekaa mbele na mkoba wa mikate ya ufuta mapajani, amevaa leso yake nzuri kama anayekwenda arusini. Tulipofika mchangani nilipunguza upepo wa matairi, gari likatulia. Nikasimamisha hema kubwa, hema dogo la choo, kiti na kitanda cha kukunja. Mkongojo wake nilikuwa nimeufunga kipande kipana cha mpira chini ili usizame. Alitembea nao hadi ukingo wa maji na kurudi, bila msaada. Alikaa kwenye kiti, akainuka. Mdogo wangu alikuwa anatazama miguu yake tu.

Kikafika kitanda. Mama alijilaza, akanyoosha mikono, akasema hapa ndipo pazuri kabisa. Kisha akataka kuinuka. Kitanda kilikuwa cha turubai, na turubai lilikuwa limebonyea katikati. Alijisukuma mara ya kwanza, akarudi chini. Mara ya pili alianza kucheka, na kicheko kikammaliza nguvu zilizobaki. Nilimnyooshea mkono, akauvuta wake nyuma.

"Bila kubebwa, si mlisema?"

Alijaribu tena, na safari hii hakucheka. Hatimaye alitulia, akageuza uso upande wa pili na kujitengeneza leso ambayo haikuwa imeharibika. Mdogo wangu, ambaye alikuwa ameshinda, hakuonekana mwenye furaha hata kidogo. Tulimwinua kila mmoja upande wake, tukamkalisha nyuma ya gari, kwenye ukingo wa sakafu ya buti, ili nimkung'ute mchanga.

Nilikuwa nimeinama kwenye viatu vyake pale mke wangu alipoita kwamba chai tayari. Mama akasimama, akaenda kuichukua.

Nilimwomba arudi akae tena palepale. Alinitazama kama ananishuku, lakini alikaa. Mama ni mrefu kuliko sote. Gari lilikuwa limeshuka kidogo mchangani, na miguu yake ilifika chini vizuri, goti limekunjika kidogo tu. Nikamwambia asimame, akasimama. Nikamwambia alale kinyumenyume ndani ya buti kisha ainuke, na hilo pia akaliweza, ingawa kichwa chake kilikuwa baina ya friji na kabati.

Kosa lilikuwa kwenye kitanda, si kwenye goti. Angelala ndani ya gari, juu ya godoro, mlango wa nyuma ukiwa wazi kuelekea mchanga. Lakini hilo lilidai viti vya nyuma na kabati vitoke. Kabati hilo la mbao nililichonga mwenyewe, lina droo ya kila kitu, hata ya mayai. Nilisimama nikalitazama. Mke wangu alisema anajua pa kuliweka, na kwamba amekuwa akipafikiria kwa muda mrefu.

Mdogo wangu alimwambia Mama ainuke tena, kisha tena. Mwisho alisema atafikiri. Sote tunajua maana ya kufikiri kwake: ni kukataa kunakocheleweshwa kwa heshima.

Tulipokuwa njiani kurudi, Mama alichukua simu yake akampigia binamu yake wa Sinaw. Katika ramani yangu yote, Sinaw ilikuwa ni mahali pa kujaza mafuta. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kwetu hata mtoto analijua. Huwezi kupita mji wa jamaa, tena ukiwa na Mama garini, usiingie kusalimia. Na ukiingia, ni tende na kahawa, kisha halwa, kisha chakula, na baada ya chakula watakuwa wameshatandika vitanda na kukuuliza kwa uchungu ni kosa gani walilokufanyia hata utake kuondoka.

Mdogo wangu aliliona hilo kabla yangu. Alisogea mbele akasema, kwa sauti ya mtu aliyepumua, "Basi Mama, watakulaza huko huko. Kitanda kizuri, choo karibu. Hawa wengine waende kwenye chumvi yao."

Mama aliweka simu mapajani.

"Nimewaambia tutakula kwao mchana, siku ya kurudi. Wameshakwenda kutazama mbuzi." Kisha akaiinua. "Sasa anayetaka kusema hatwendi, namba hii hapa, awapigie yeye."

Hakuna aliyeichukua simu. Ukishawaambia watu unakuja, na mbuzi keshatajwa, kutokwenda ni aibu ambayo jamaa wataisimulia mpaka kwa wajukuu. Na mtu hawezi kula chakula cha siku ya kurudi kama hakwenda. Mdogo wangu akamgeukia mke wangu, ambaye ndiye angeendesha gari la pili, kwa kuwa jangwani hatuendi na gari moja.

"Wifi, kwako kuna nafasi? Lazima mtu azishike dawa."

"Ipo. Ila mimi sipiki kifungua kinywa, nakwambia mapema."

Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaanza kuniuliza maji yanapwa saa ngapi, na kama gari la nyuma nalo huzama. Nilimjibu kila swali kwa urefu. Huku nyuma ya maneno yangu nilimsikia Mama ameshapiga simu nyingine, kwa mtu wa Mahout, mji wa mwisho kabla ya rasi. Ilionekana huyo naye ameanza kumwandalia chumba.

"Hapana, bibi, ahsante," Mama alikuwa anasema. "Silali ndani. Nnalala barr."